Cheni inaruka gia za nyuma? Kagua kwanza, nunua baadaye: mwongozo kwa baiskeli za zamani

Baiskeli ya gia iliyozeeka ikianza kuruka cheni, ushauri wa kwanza utakaoupata kijiweni ni huu: "Toa hiyo mashine ya nyuma, weka nyingine." Mara nyingi hiyo ni hela ya bure. Kibadilisha gia cha nyuma ni chombo kigumu kufa. Vinavyokufa mapema ni waya unaokivuta, ganda la waya huo, cheni, na lile sikio la fremu linalokibeba. Ukifunga kipya juu ya sikio lililopinda, cheni itaruka vilevile, tofauti ni kwamba sasa umeshalipa.

Ndiyo maana nusu ya kwanza ya mwongozo huu ni ukaguzi. Ukifika mwisho wake na bado kosa halijaonekana kwingine, hapo ingia sokoni.

Vifaa si vingi: spana za L za milimita 5 na 6 (na ya 3 kama vile vigurudumu viwili vidogo vya kibadilisha gia, vinavyopitisha cheni, vimefungwa kwa bolti za aina hiyo), bisibisi nyota na bapa, spana namba 9, plaizi inayokata waya vizuri, tepu ya kupimia ya chuma, mswaki uliochakaa na mafuta ya taa. Kingine ni gurudumu la nyuma la baiskeli nyingine, la kuazima. Matumizi yake utayaona mbele.

Osha kabla ya kuhukumu

Huku pwani ya Mtwara maadui ni wawili, chumvi na mchanga, na mara nyingi wanakuja pamoja. Angalia baiskeli za wauza samaki wanaotoka Mikindani asubuhi. Tenga linakaa juu ya keria, maji ya chumvi yenye utelezi wa samaki yanachuruzika upande wa kulia, na tone linaangukia palepale penye kibadilisha gia. Vumbi la barabarani linanasa juu yake. Ukichokonoa kigurudumu cha chini kwa ncha ya bisibisi unatoa tope gumu jeusi lenye magamba ndani. Kigurudumu cha namna hiyo hakizunguki, cheni inakiburuta tu, na mwenye baiskeli anaambiwa springi imekwisha.

Kwa hiyo osha. Sugua maungio yote manne ya mkono wa kibadilisha gia kwa mswaki na mafuta ya taa, fungua vigurudumu viwili kimoja kimoja, safisha vijiti vyake vya katikati, tia grisi kidogo, rudisha. Kumbuka kipi kilikuwa juu na kipi chini, maana kwenye vibadilisha gia vingi vya kampuni ya Shimano kile cha juu kimetengenezwa kicheze kidogo kushoto na kulia ili kijitafutie sproketi, yaani duara la meno linaloshika cheni. Huo mchezo si uchakavu. Vikishakauka, dondoshea mafuta ya cherehani kwenye maungio. Oili chafu ya gari achana nayo, kwa kuwa inakusanya mchanga na kuwa msasa, na mafuta ya nazi huganda yakawa gundi.

Cheni na meno

Ukikanyaga kwa nguvu na cheni ikaruka juu ya sproketi ileile moja, hasa ile unayoitumia kila siku, usikiguse kibadilisha gia. Pima cheni.

Tandaza tepu ya chuma, upande wa inchi, weka sifuri katikati ya pini moja. Kwenye cheni mpya, kutoka pini hadi pini ni nusu inchi, kwa hiyo pini ya 24 baada ya ile ya kwanza inakaa sawasawa kwenye inchi 12. Ikiwa imepita mstari kwa 1/16 ya inchi, yaani kama milimita moja na nusu, badilisha cheni sasa na friwili, yaani lile rundo la sproketi za nyuma, itapona. Ikiwa imepita kwa 1/8, milimita tatu hivi, friwili nayo imeshalika kwa kufuata cheni mbovu. Ukiweka cheni mpya peke yake itateleza juu ya meno yale ya zamani, na utamlaumu aliyekuuzia.

Unaponunua cheni, taja kwamba ni ya baiskeli ya gia. Ile ya Phoenix na ndugu zake ina upana wa ndani wa 1/8 ya inchi. Friwili za sproketi 5 hadi 8 zinataka cheni ya 3/32, ambayo ni nyembamba zaidi na inalala kwa urahisi pembeni. Ile nene itazunguka, lakini itakwaruza sproketi za jirani na kubadilisha gia itakuwa vita.

Waya na ganda lake

Hapa ndipo kesi nyingi za Mtwara zinapoishia. Dalili yake ni kwamba kupandisha kwenda sproketi kubwa kunawezekana, ila kushuka kwenda ndogo kunachelewa, au kunakuja ghafla baada ya kugonga shimo. Springi inataka kurudisha kibadilisha gia, kutu ndani ya ganda inauzuia waya.

Jaribu hivi. Weka cheni kwenye sproketi kubwa ya nyuma kisha simamisha pedeli. Bila kuzungusha chochote, bonyeza mkono wa gia kwenye usukani hadi mwisho, kana kwamba unashuka kwenda ndogo. Waya utalegea. Sasa chomoa ganda kwenye vishikizi vya fremu na ulitelezeshe juu ya waya. Likikwama mahali, hapo ndipo penye kutu. Kipande cha mwisho, kile kinachopinda nyuma karibu na ekseli, ndicho kinachooza mapema kwa sababu maji huteremka na kutuama ndani yake. Anza kubadilisha hicho peke yake.

Kwa ukaguzi wa uhakika zaidi, legeza bolti inayobana waya, uachie kabisa, halafu sukuma kibadilisha gia kwa kidole kuelekea kwenye spoku na ukiachie. Kikirudi kwa kishindo bila kusitasita, springi ni nzima na ugomvi wako ni wa waya. Kikirudi polepole kama mzee anayeinuka mkekani, rudi kwenye mafuta ya taa na mswaki.

Kuna vibadilisha gia vichache ambavyo springi yake inavuta kinyume: ukiachia waya vinakwenda kwenye sproketi kubwa. Shimano waliviita Rapid Rise. Havijaharibika, vimetengenezwa hivyo, ila maelekezo ya kurekebisha hapa chini yanageuka.

Ganda la gia si ganda la breki. Likate uone: la breki ni waya uliojiviringa kama springi, la gia lina nyaya nyembamba zilizolala kwa urefu. La breki linaminyika kidogo kila unapovuta, na kwa mkono wa gia wenye hatua, ule unaolia "tik", minyiko hiyo midogo inatosha kuifanya cheni isimame katikati ya sproketi mbili. Waya nao ni tofauti. Wa gia una unene wa milimita 1.1 au 1.2, wa breki ni mnene zaidi. Ukikata ganda, sawazisha ncha kwa tupa na uzibue tundu la ndani kwa msumari mwembamba, kwa sababu plaizi hulibana.

Sikio la fremu

Baiskeli ikiangukia upande wa kulia, au ikirundikwa juu ya basi kati ya Lindi na Masasi chini ya magunia, kinachopinda ni sikio. Simama nyuma, chuchumaa, funga jicho moja. Vigurudumu viwili na sproketi inayotumika vinatakiwa kuwa kwenye mstari mmoja wa wima. Kigurudumu cha chini kikielekea kwenye spoku, sikio limepinda kuingia ndani. Dalili nyingine: gia za mwanzo na za mwisho zinakubali, za katikati zinanung'unika, na ukirekebisha waya kosa linahamia kwingine.

Fundi mwenye kifaa chake cha kunyooshea ni nadra kumpata, lakini kuna njia ya kupima inayofanya kazi vizuri sana, na hapa ndipo lile gurudumu la kuazima linapoingia. Tundu la sikio lina uzi wa milimita 10, hatua ya milimita 1. Ekseli nyingi za gurudumu la nyuma ni za milimita 10 na uzi wake unakaribiana sana na huo. Toa kibadilisha gia, tanguliza ncha ya ekseli ya lile gurudumu la pili kwenye tundu la sikio, uizungushe kwa mkono hadi ishike. Sasa una magurudumu mawili yanayotazamana. Pima nafasi kati ya rimu na rimu juu, chini, mbele na nyuma. Tofauti isizidi milimita 4. Ikizidi, shika lile gurudumu la pili na uvute taratibu kuelekea upande unaotakiwa, upime tena.

Tahadhari tatu. Ekseli ikiingia kwa shida, acha, usije ukaua uzi. Ekseli nyembamba za inchi 3/8 zitalegalega na kipimo kitakudanganya. Na unyooshaji huu ni wa fremu za chuma. Sikio la alumini linakatika. Mengi ya alumini yamefungwa kwa skrubu ili yabadilishwe, basi tafuta mengine ya umbo lilelile.

Ukishanyoosha, hakikisha pia nati za ekseli ya nyuma zimekaza. Gurudumu likicheza, kila kitu kinacheza.

Je, chenyewe kimekufa?

Sasa unaweza kukihukumu. Shika sehemu ya chini ya mkono wa vigurudumu, utikise kushoto na kulia. Milimita chache ni kawaida. Ikifika karibu sentimita moja, maungio yamelika na hakuna grisi itakayorudisha chuma kilichokwisha. Angalia kama bati la mkono limepinda au limepasuka, kama springi inavuta cheni nyuma au inaiacha ining'inie, na kama uzi wa bolti ya kubana waya bado unashika. Vigurudumu vikilika meno hadi kuwa makali, vipya vinauzwa peke yake, na vile vya spea nyingine vikiwa na idadi sawa ya meno (10 au 11) na unene sawa vinaingia.

Kuna jambo moja zaidi kwa wenye mkono wa gia usio na hatua, ule unaouvuta tu hadi utakapoona panafaa. Shimano walileta mfumo wa hatua mwaka 1984 kwenye Dura-Ace, vifaa vyao vya daraja la juu, ukashuka hadi kwenye baiskeli za bei ndogo miaka iliyofuata. Kama baiskeli yako ni ya kabla ya hapo, kibadilisha gia kilicholegea kidogo bado kitakutumikia, kwa sababu mkono wako ndio unaosahihisha. Usikitupe kwa haraka.

Kuchagua kingine

Maswali ni manne, na bei si mojawapo hadi umalize.

Kinafungwaje? Fremu yenye sikio inachukua kibadilisha gia chenye bolti ya kuingia moja kwa moja. Fremu isiyo na sikio inataka kile kinachokuja na bati lenye umbo la ndoano, linalobanwa pamoja na nati ya ekseli. Ndoano ina sifa mbaya isiyostahili. Ni ya chuma, inapinda, inanyooka, na ukiwa Nachingwea na baiskeli imeanguka, utashukuru kwamba si alumini.

Sproketi kubwa ina meno mangapi? Hesabu, weka alama ya chaki kwenye jino la kwanza usije ukarudia. Friwili nyingi za zamani zinaishia 28. Zipo pia za sproketi 7 zenye meno 14 hadi 34, na mtu anayepanda kwenda Newala na mzigo nyuma ana kila sababu ya kuitaka hiyo ya 34. Anayezunguka Shangani na Chikongola haihitaji. Kila kibadilisha gia kina kikomo. Katika vile vya bei ndogo vya Shimano viitwavyo Tourney, TY21 kinaishia 28, TY300 kinafika 34. Ukilazimisha, kigurudumu cha juu kinasaga sproketi. Friwili ya 7 pia ni pana kuliko ya 5 au 6, kwa hiyo angalia kama cheni kwenye sproketi ndogo itapita bila kugusa fremu.

Kinaweza kumeza cheni kiasi gani? Hesabu ni rahisi: toa meno ya sproketi ndogo ya mbele kwenye kubwa ya mbele, toa ndogo ya nyuma kwenye kubwa ya nyuma, jumlisha. Mbele 48, 38, 28 na nyuma 14 hadi 28 inakupa 20 na 14, jumla 34. Ukiweka friwili ya 14 hadi 34 inakuwa 20 na 20, jumla 40. TY300 inameza 43, inatosha. Baiskeli ya mjini yenye sproketi moja mbele inahitaji 14 tu, na mkono mfupi wa vigurudumu unaifaa zaidi kwa kuwa hauburuti nyasi. Uwezo ukipungua, cheni inalegea ukiwa kwenye sproketi ndogo ya mbele na ndogo ya nyuma. Hilo linavumilika. Balaa ni fundi anayekata cheni fupi ili kuficha ulegevu huo, kwani siku utakapoweka kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma, kibadilisha gia kinang'oka na sikio lake.

Kinavutwa kiasi gani? Mkono wa gia usio na hatua unakubali chochote. Wenye hatua unachagua. Habari njema ni kwamba vya Shimano vya hatua 6, 7, 8 na 9 vinavutwa kwa kiwango kimoja, kwa hiyo kile cha 9 kutoka kwenye baiskeli iliyokufa kitafanya kazi kwenye yako ya 7. Idadi ya hatua inaamuliwa na mkono wa gia. Isipokuwa Dura-Ace za mfululizo wa 7400, na vile vya hatua 10 vya baiskeli za milimani. Vifaa vya kampuni ya SRAM vyenye maandishi ya ESP vina uwiano wao, na vya kampuni ya SunTour vya hatua navyo vina wao. Usivichanganye na mkono wa Shimano. Kwa vifaa vya kale tu: SunTour ndio waliobuni, mwaka 1964, ule mkono wa kibadilisha gia ulioinama unaofuata mteremko wa friwili, na wengine waliuchukua hataza ilipokwisha katikati ya miaka ya 1980. Ndiyo maana SunTour ya zamani ikitumiwa na mkono wa gia usio na hatua, ikiwa safi, inaweza kuishinda nyingine nyingi za rika lake.

Maoni yangu: kwa baiskeli ya zamani ya kazi, Tourney mpya ya mkono mrefu wa vigurudumu inatosha. Kifaa cha daraja la juu kina maungio bora, lakini kwenye baiskeli yenye keria na magunia ya korosho hutaiona tofauti, na mwizi ataiona. Cha mtumba nacho ni sawa, alimradi ukifanyie lile jaribio la kutikisa na la springi papo hapo mezani kwa muuzaji.

Kukitoa na kukifunga

Huna haja ya kukata cheni. Fungua kigurudumu cha chini, legeza cha juu, achanisha mabati mawili, na cheni itatoka yenyewe. Kila pini inayopigwa nyundo na msumari ni kiungo dhaifu kipya.

Paka grisi uzi wa bolti mpya (chumvi itaunganisha chuma na chuma usipofanya hivyo), anza kwa vidole, hakikisha kile kijino cha nyuma kimekaa nyuma ya kituo cha sikio, ule ukingo unaokizuia, na si juu yake, kisha kaza. Cheni ikiwa mpya, zungushia sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye kibadilisha gia, vuta zikutane, ongeza inchi moja, kata hapo.

Skrubu mbili zilizoandikwa H na L ni mipaka tu. Hazirekebishi gia za katikati, na anayezizungusha ovyo ndiye anayepeleka cheni kwenye spoku. Kabla ya kufunga waya, weka cheni kwenye sproketi ndogo na zungusha H hadi kigurudumu cha juu kikae chini yake moja kwa moja. Kisha zungusha pedeli huku ukisukuma kibadilisha gia kwa mkono hadi cheni ipande kubwa. Kaza L hadi isiweze kuvuka hapo hata ukisukuma. Hii ya L irudie mara mbili. Cheni ikidondoka kati ya sproketi ndogo na fremu unapoteza muda, ikidondoka kwenye spoku ukiteremka kutoka uwanda wa Makonde unapoteza gurudumu na pengine zaidi.

Skrubu ya tatu, ile inayosukuma kituo cha sikio, inapanga umbali wa kigurudumu cha juu na sproketi kubwa. Milimita 5 au 6 inafaa.

Sasa rudisha mkono wa gia kwenye hatua ya sproketi ndogo, ingiza hadi mwisho kirekebishi chenye umbo la pipa ambacho waya unapitia halafu ukirudishe mzunguko mmoja, vuta waya kwa plaizi bila ukali, kaza bolti. Bonyeza hatua moja. Cheni ikisita kupanda, zungusha kirekebishi nusu mzunguko kinyume cha saa. Ikipitiliza au ikikwaruza sproketi ya juu yake, zungusha kwa mwelekeo wa saa. Nusu nusu, ukisikiliza. Sauti ikinyamaza kwenye sproketi ya pili na ya tatu, nyingine zitafuata zenyewe, kama sikio limenyooka.

Jaribu barabarani ukiwa na mzigo wako wa kawaida, kwenye kilima, kwa sababu baiskeli iliyopinduliwa uani hubadilisha gia vizuri daima. Waya mpya huvutika katika siku za kwanza, basi utahitaji nusu mzunguko mwingine wa kirekebishi. Skrubu za H na L usiziguse tena. Kile kibadilisha gia cha zamani kivue vigurudumu, bolti na kirekebishi chake, uviweke kwenye kopo lenye mafuta kidogo: vinaingia kwenye Tourney nyingi.